Nani alimlea mtoto wa Lubumbashi? Kutoka mizani ya Union Minière hadi faili la msaidizi wa kijamii

Asubuhi, katika komini ya Katuba au ya Kenya, msaidizi wa kijamii anabisha hodi kwenye lupango akiwa na faili mkononi. Ndani ya faili kuna karatasi chache: fishi ya mtoto, majina ya jamaa ambao mtoto amewataja, pengine alama za njia kama alivyozikumbuka mwenyewe: kanisa la rangi ya buluu, mwembe, kisima, nyumba ya fundi baiskeli. Msaidizi huyo hakuja na gunia la unga wala pesa za shule. Lakini ombi lake ni kubwa: wenye nyumba wampokee mtoto, wamlaze, wamlishe bukari pamoja na watoto wao, na wasimfukuze mwezi ujao.

Wengi wanadhani kazi hii ni ya juzi, kwamba ililetwa na mashirika ya kimataifa au na sheria ya 2009. Sivyo. Mji huu umekuwa na watu wa kuhesabu watoto, kuwapima, kuwaandika na kuwaweka mahali kwa karibu miaka mia moja. Kilichobadilika ni yule anayewatuma, na kile wanachobeba mkononi wanapoingia kwa watu. Anayetaka kuelewa kwa nini msaidizi wa kijamii wa leo anahangaika, inampasa arudi nyuma mpaka siku za mizani.

Mji wa wanaume

Élisabethville, kama mji ulivyoitwa mpaka 1966, ulianza 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika hapa. Mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ililetwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, baadaye Ruanda-Urundi. Waliokuja walikuwa wanaume kwa mikataba mifupi. Waliacha wake na watoto kijijini, wakafanya kazi, wakaugua, wengine wakafa, wengine wakarudi. Katika mji wa namna hiyo, suala la mtoto asiye na mlezi halikuwa la mji. Lilibaki kijijini, mikononi mwa bibi, mjomba na shangazi.

Mambo yalibadilika kati ya 1925 na 1930. Kuajiri watu wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa, na vijiji vilikuwa vimechoka kutoa vijana. Kampuni ikaamua kumfanya mfanyakazi akae. Mikataba ikawa ya miaka mitatu, wanawake wakaruhusiwa na hata kuhimizwa kuja, nyumba za familia zikajengwa kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo ya kijamii kwa miaka mingi, alieleza waziwazi katika kitabu alichotoa 1946 kwamba mpango huo ulikuwa na faida kwa kampuni: mfanyakazi mwenye mke na watoto kambini alikaa zaidi, aliugua kidogo na alifanya kazi vizuri zaidi. Na watoto wake wangekuwa wafanyakazi wa kesho.

Hapo ndipo mizani ilipoingia. Kampuni ilianzisha huduma ya kulinda watoto katika kambi zake. Mama mjamzito alifuatwa na wauguzi. Mtoto aliyezaliwa alipelekwa kupimwa uzito kila mara, akaandikwa kwenye karatasi yake, akapewa maziwa ilipohitajika. Aliyeachishwa ziwa alikula kwenye kantini ya watoto chini ya macho ya masista na wauguzi. Posho ya familia ilihesabiwa kwa vichwa: baba, mama, mtoto wa kwanza, wa pili. Shule iliachiwa wamisionari. Kampuni ilijua mtoto gani hakula, mama gani hakufika kwenye mizani, baba gani alipiga mke.

Waliofanya ziara hizo kambini hawakuitwa wasaidizi wa kijamii kama tunavyoelewa leo. Lakini kazi yao ilifanana nayo: kuingia nyumbani, kuangalia mtoto, kuandika, kuripoti, kuamua. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba walikuwa na kitu cha kutoa na kitu cha kunyima. Nyuma ya karatasi yao kulikuwa na posho, na nyuma ya posho kulikuwa na kazi ya baba.

Baba na mama ni kampuni

Watu wa kambini walisema kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyewasikiliza wafanyakazi na wajane wao kwa miaka mingi, alikipa kitabu chake cha 2001 jina linalozungumza juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Anaonyesha jinsi mamlaka ndani ya nyumba yalivyohama: mzazi alikuwa na jina la baba, lakini aliyelisha, aliyesomesha na aliyetibu alikuwa mwingine.

Ulezi huo ulikuwa na mipaka yake, na watu waliiona mapema. Desemba 1941, bei za vyakula zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara wa kutosha kulisha nyumba zao. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa hapa mjini, askari waliwafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, alikuwa kati ya waliouawa. Kampuni iliyopima watoto asubuhi haikukubali kwamba baba zao wapange wenyewe bei ya ulezi huo.

Mpaka mwingine ulikuwa wa ukuta. Aliyekuwa ndani ya kambi alihesabiwa. Aliyekuwa nje hakuhesabiwa. Nje ya kambi kulikuwa na mji mwingine wa Waafrika, uliopangwa na serikali ya kikoloni kwa dekreti ya 1931 kuhusu vituo vilivyo nje ya mamlaka ya machifu. Kamalondo, Kenya, kisha Katuba na Ruashi zilijaa wafanyabiashara wadogo, watumishi wa nyumbani, makarani, wanawake waliojitegemea, na watu waliopoteza kazi. Mfanyakazi wa kampuni alipokufa au kufukuzwa, familia yake iliondoka kambini, na watoto wake wakatoka kwenye daftari siku hiyohiyo.

Kwa watu hao wa nje serikali na wamisionari walifungua nyumba za huduma zilizoitwa foyer social, ambako wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto kwa namna ambayo wakoloni waliiona kuwa sahihi. Hapo ndipo wasaidizi wa kijamii wa kwanza wenye jina hilo walipofanya kazi, wengi wao Wabelgiji, wakisaidiwa na wanawake Wakongo waliofundishwa. Nao walitembelea nyumba. Mwaka 1946 kikaundwa hapa mjini kituo cha utafiti kilichojulikana kama CEPSI, kuchunguza matatizo ya kijamii ya Waafrika wa mjini. Vijana wasio na shule na wasio na kazi walikuwa wamekwisha kuwa suala ambalo wakubwa walilizungumzia kwa wasiwasi.

Jibu la serikali lilikuwa dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 kuhusu watoto wakosaji. Jina lenyewe linasema jambo. Mtoto aliyezurura au kuombaomba aliingia katika dekreti ileile na aliyeiba. Hakimu aliweza kumrudisha kwa wazazi, kumkabidhi kwa mtu au shirika la kumlea, au kumweka chini ya serikali katika chuo cha kumlinda na kumwelimisha. Sheria hiyo ya kikoloni ilikaa miaka 58. Wasaidizi wa kijamii waliofanya kazi chini ya Mobutu na chini ya Kabila, baba na mwana, walifanya kazi wakiwa na karatasi iliyoandikwa kabla ya uhuru.

Serikali inapomchukua mtoto

Kuna ukurasa mwingine wa historia hiyo ambao msaidizi yeyote wa kijamii anapaswa kuujua, kwa sababu unaonyesha ulezi unavyoweza kugeuka kuwa unyang'anyi. Wakati wa ukoloni, watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama Mkongo walitafutwa na maofisa, wakaondolewa kwa mama zao, wakapelekwa misheni za mbali. Walioandika faili zao walisema mtoto ameachwa. Mama alikuwepo, bibi alikuwepo, wajomba walikuwepo, lakini faili haikuwahesabu.

Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kuwekwa misheni ya Katende huko Kasai, kwamba kitendo hicho kilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa haki ya fidia ya yuro 50,000. Wakati huo walikuwa bibi wa zaidi ya miaka 70.

Neno moja kwenye faili, kwamba mtoto ameachwa, liliwagharimu wanawake hao maisha yote. Ndiyo maana hadi leo msaidizi mwenye uzoefu haliandiki kabla hajafika nyumbani kwa mtoto na kuuliza majirani.

Uhuru, vita, na kampuni nyingine

Uhuru wa 1960 ulikuja pamoja na kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Mwaka 1961 maelfu kwa makumi ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji, wakaishi kwenye vibanda vya mbao na mifuko mpaka waliposafirishwa kuelekea Kasai. Ilikuwa mara ya kwanza mji kuona kwa wingi watoto waliopotezana na wazazi kwa sababu ya kabila. Haikuwa ya mwisho.

Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali za Union Minière, na baada ya miaka michache kampuni ikaitwa Gécamines. Posho, hospitali, shule na kantini viliendelea, sasa chini ya bendera ya taifa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na mtoto wa mfanyakazi wake alizaliwa, alisoma na alitibiwa kwa gharama ya kampuni. Wizara ya mambo ya kijamii ilikuwepo, na ofisi yake ya jimbo ilikuwepo, ile ambayo watu wanaiita DIVAS. Lakini katika mji huu kampuni ndiyo iliyokuwa wizara ya kweli.

Kwa hiyo kampuni ilipoanguka, haikuanguka peke yake. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 miji ya Zaire iliporwa. Kuanzia 1992, wakati wa gavana Kyungu wa Kumwanza, Wakasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga. Familia zililala kwenye stesheni za reli kwa majuma zikingoja treni, na watoto wengi walikufa stesheni au njiani. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Walipokea pesa za mara moja. Kantini, shule na hospitali za watoto wao hazikuwa ndani ya bahasha hiyo.

Mtoto anakuwa mchawi

Watu wa Lubumbashi waliokuwa watu wazima miaka hiyo wanakumbuka jinsi barabara zilivyojaa watoto: pembeni mwa soko la Kenya, kwenye stesheni ya SNCC, mbele ya mikate, chini ya vibaraza vya maduka ya Wahindi na Walebanoni. Waliitwa shegue, jina lililotoka Kinshasa. Wengine walikuja kwa treni kutoka Kasai au kutoka kaskazini ya Katanga, ambako vita vya Mai-Mai kuzunguka Mitwaba, Manono na Pweto viliteketeza vijiji mpaka 2006. Lakini wengi walitoka palepale, umbali wa nusu saa kwa miguu.

Jambo jipya lilikuwa sababu iliyotajwa. Zamani mtoto aliondoka nyumbani kwa njaa au kwa kipigo. Sasa wengi walisema: wamenifukuza, wanasema niko mchawi. Mama amekufa, baba ameoa mwingine, kazi imeisha, mtoto wa pili ameugua, na mchungaji wa kanisa la jirani amemwonyesha kidole yule yatima wa miaka minane. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya 2006 kuhusu watoto wa barabarani Kongo, ambayo ilifika pia Lubumbashi, iliandika kwa urefu juu ya tuhuma hizo na juu ya vipigo vya polisi.

Wazee wa ukoo walijua uchawi tangu zamani, lakini hawakuwa na mazoea ya kumtuhumu mtoto mdogo. Mtuhumiwa wa zamani alikuwa mtu mzima mwenye mali au mwenye kinyongo. Ili mtoto awe mchawi, ilibidi kwanza awe mzigo. Mtoto wa Gécamines alileta nyumbani posho yake mwenyewe. Mjomba aliyempokea alipokea pia kilo zake za unga. Mtoto wa mwaka 2000 alileta mdomo tu.

Waliofungua milango wa kwanza walikuwa watu wa dini. Wasalesiani, ambao wako mjini tangu 1911, walikuwa na shule na karakana za ufundi. Wakaunda mtandao wa nyumba kwa ajili ya watoto hawa, na jina la Bakanja likajulikana na kila mtoto wa stesheni. Mtoto anaweza kuja kuoga, kula, kulala, kusoma. Baadaye, akitaka mwenyewe, mwalimu anaanza kumuuliza habari za kwao. Masista na makanisa mengine walifanya vivyo hivyo kwa wasichana na watoto wachanga. Wasaidizi wa kijamii wengi wa mji huu walijifunza kazi katika nyumba hizo, baada ya kutoka shule kama ISES, chuo cha juu cha masomo ya kijamii.

Nyumba hizo ziliokoa maisha. Lakini wenyewe waliozifungua waliona hatari yake: kitanda kizuri na sahani ya wali vinaweza kumvuta mtoto mwenye mama. Mzazi aliyeshindwa anaweza kusema, afadhali akae kule, atasoma. Nyumba inajaa, na yule wa stesheni asiye na mtu anakosa nafasi.

Sheria ya 2009

Katiba ya Februari 2006 ilikuwa imekwisha kusema, katika kifungu cha 41, kwamba kumtupa mtoto, kumtesa na kumtuhumu uchawi ni marufuku. Tarehe 10 Januari 2009 ikatangazwa sheria namba 09/001 ya kulinda mtoto, na dekreti ya 1950 ikazikwa. Mtoto ni kila mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Anayemtuhumu mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka mmoja hadi mitatu. Iliundwa mahakama ya watoto yenye hakimu wake.

Kwa msaidizi wa kijamii, badiliko kubwa lilikuwa katika jina. Mtoto aliyekataliwa, aliyetupwa, anayeombaomba barabarani, hakuitwa tena mkosaji. Akawa mtoto aliye katika hali ngumu. Sheria inataka awekwe katika familia au katika nyumba iliyokubaliwa na serikali, na inamweka msaidizi wa kijamii bega kwa bega na hakimu: huyu anachunguza na kufuatilia, yule anaamua. Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Desemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo inayosema jambo ambalo bibi wa Katuba angelisema bila kusoma: familia kwanza, nyumba ya watoto iwe njia ya mwisho.

Familia ya kumpokea mtoto kwa muda ilikuwa tayari imejaribiwa mashariki mwa nchi. Watoto waliotoka katika makundi ya silaha walikaa kwa mama na baba waliochaguliwa, wakati jamaa zao wakitafutwa. Katanga nayo ilihitaji njia hiyo. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga walipoingia Lubumbashi na kuishia kwenye kambi ya MONUSCO, miongoni mwao mlikuwa na watoto. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Kinshasa ilisimamisha ruhusa za kuondoka nchini kwa watoto waliochukuliwa na wazazi wa nje. Mlango wa nje ulifungwa. Jibu likabidi litafutwe ndani.

Kuuliza mjomba yupi

Kazi yenyewe inaanza na kusikiliza, na kusikiliza kunachukua siku. Mtoto wa barabarani ana majina mawili au matatu, na la kweli halitoi mara ya kwanza. Anayeuliza kwa haraka anapata jibu la haraka: wazazi wote wamekufa. Anayerudi mara ya nne anasikia juu ya mama mdogo anayeuza makala Ruashi.

Kisha inakuja kazi ya kutafuta jamaa, na hapo Lubumbashi ina ugumu wake. Mji umejaa koo za desturi tofauti. Kwa Walamba na Wabemba mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito kuliko la baba. Kwa Waluba mtoto ni wa upande wa baba, na anayepaswa kusema ni baba mkubwa au baba mdogo. Baba na mama wakiwa wa makabila mawili, na hapa ndivyo ilivyo mara nyingi, msaidizi anayemuuliza mjomba asiye wake anaweza kuharibu kila kitu. Kabla ya sheria yoyote, koo ziliamua mambo haya siku za kilio: marehemu akishazikwa, wakubwa waliketi na kugawana watoto, huyu kwa shangazi, huyu kwa bibi, huyu kwa kaka mkubwa. Msaidizi mwema anauliza: kwenye kilio mlisema nini? Mara nyingi anapata kwamba mtoto alikabidhiwa kwa mtu, na mtu huyo yuko hai.

Anapompata, kunabaki kupatanisha. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mtoto wa kupokelewa, jembe ndiyo hatari. Juma la kwanza anakula na wenzake. Mwezi wa pili yeye ndiye anayechota maji, anayeuza mifuko ya maji kwenye kituo cha basi, anayebaki nyumbani wengine wakienda shule. Kwa hiyo msaidizi anayejua kazi harudi kuuliza, mtoto yuko salama? Anaangalia analala wapi, kama ana daftari, kama anajibu akiitwa au anashtuka.

Kuna pia karatasi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hapati kwa urahisi nafasi ya shule wala uamuzi wa hakimu. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na kila hatua ya hukumu inakula nauli na muda. Faili nyingi zinakwama hapo.

Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga ina ofisi zake za jimbo. Watoto wako chini ya wizara zaidi ya moja: mambo ya kijamii kwa upande mmoja, jinsia, familia na mtoto kwa upande mwingine. Katikati ya ofisi hizo, mahakama, polisi wa kulinda watoto na mashirika, anayezunguka na faili ni mtu mmoja, na mradi wa wafadhili ukiisha, nauli yake inaisha nao.

Kilichobaki mkononi

Ukilinganisha yule wa kambini wa mwaka 1930 na huyu wa leo, utaona kitu cha ajabu. Wa kwanza alikuwa na posho nyingi na heshima kidogo kwa familia: mtoto alipimwa kwa ajili ya shaba. Wa leo ana sheria nzuri, inayomtaja mtoto kwa ajili yake mwenyewe, na mkono mtupu. Mzigo ambao kampuni iliubeba kwa faida yake umetua mabegani mwa mama anayeuza nyanya Katuba, ambaye ana watoto watano na anaombwa kuongeza wa sita.

Na bado mama huyo anakubali. Ndiyo sababu kazi hii haikufa na Gécamines. Si wote, lakini wanatosha kila mwaka kwa mlango kufunguka. Historia ya mji inaonyesha kwamba kumwomba peke yake hakutoshi: palipokuwa na kilo za unga kwa kila mtoto, hakuna mjomba aliyetafuta mchawi ndani ya nyumba. Shaba inatoka tena kwa wingi Haut-Katanga na Lualaba, malori yanapanga foleni Kasumbalesa usiku na mchana. Kumsaidia mama anayepokea mtoto, ada ya shule na gunia moja kwa mwezi, si jambo la ajabu kwa jimbo ambalo babu zake walikwisha kuliona likifanyika.

Wakati hilo linangojewa, mtoto aliyelala kwenye kibaraza chako ana jina, na karibu kila mara ana mtu. Shefu wa mtaa, DIVAS ya komini au nyumba ya watoto iliyo karibu wanaweza kuanzisha faili siku hiyohiyo. Swali la kwanza watakalouliza ni hili: nani alikuwepo kwenye kilio?